Je, tajiri amekula fungu langu?

“Shikamoo Mwalimu. Naendesha bodaboda hapa Makorora, Tanga, pikipiki ya mkataba. Jirani yetu alianza na baiskeli ya kubebea machungwa, siku moja na marehemu baba yangu. Leo jirani ana Fuso tatu na ghorofa. Baba amefariki akiwa mpangaji. Barazani kila jioni hoja ni hiyohiyo. Mzee mmoja anasema hakuna tajiri bila jasho la maskini, mwingine anasema riziki hutoka kwa Mungu, wa tatu anasema kuna chuma ulete, uchawi wa kuvuta fedha za watu. Mimi nataka jibu la mtu aliyesoma uchumi: utajiri wao ndio umaskini wetu?”

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja kwa sababu nimekua nalo. Baba yangu aliletwa Tanga kutoka Kasulu, Kigoma, akiwa manamba, yaani kibarua wa kuletwa wa mashamba ya mkonge, akakata mkonge mpaka mgongo ukamkatalia, na mimi nilizaliwa kambini, katika nyumba ya mstari, familia moja chumba kimoja. Nilipokwenda kusoma uchumi nilikuwa na jibu langu tayari: ndiyo, wao wana kwa sababu sisi hatuna. Miaka thelathini na kitu ya kulifundisha somo hilo imenilazimisha kulipunguza jibu lile. Kulitupa sijalitupa.

Leo nasema hivi. Mali ya mtu, kwa kuwa tu ni nyingi, haimfanyi mwingine maskini. Zipo njia za kuipata mali na kuilinda ambazo ndizo zinazowafanya watu maskini, na njia hizo zinajulikana ukiwa na subira ya kuzifuata hadi zilikoanzia.

Tatizo la mazungumzo yenu ya barazani linatoka kwenye sinia. Tumelelewa kula pamoja, watu sita kuzunguka sinia moja la pilau, na adabu ya kwanza tuliyofunzwa ni kula mbele yako. Anayepeleka mkono upande wa mwenzake amemdhulumu, na kila mtu anaiona dhuluma hiyo, kwa kuwa wali ni uleule uliopakuliwa. Tukinyanyuka hapo tunaitazama nchi nzima kwa jicho hilohilo: mali ni kiasi fulani, huyu amejaza, basi mimi nimepunjwa. Tunasahau kwamba sinia limetoka jikoni. Mtu aliyeleta kilo mbili za mchele jikoni anaweza kula akashiba kuliko wewe, na fungu lako likabaki palepale, pengine likaongezeka. Kwa hiyo ukimwona tajiri, jiulize kwanza ameleta nini jikoni, halafu jiulize mkono wake umepita wapi. Wapo waliofanya yote mawili kwa siku moja.

Kwamba jiko hukua, ushahidi ni mwingi na sitakaa sana hapo. Kwa kipimo cha Benki ya Dunia cha dola 2.15 kwa siku, kilichotumika hadi 2025, mwaka 1990 zaidi ya theluthi moja ya watu duniani walikuwa katika ufukara mkubwa. Kufikia 2019 walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila kumi. Miaka hiyohiyo mabilionea waliongezeka kwa kasi. China, iliyoanza mageuzi yake mwaka 1978, imetoa kwenye ufukara watu karibu milioni 800 huku ikizalisha matajiri wapya kwa wingi. Hapa kwetu, walioshindwa kupata mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007 na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Sinia moja lisilojazwa lisingeweza kutoa hesabu hizi. (Ila usiruhusu mtu akutambie kwa asilimia peke yake: kwa sababu tumezaana, idadi ya maskini wenyewe haikushuka, ilibaki karibu milioni 14. Asilimia haili ugali, watu ndio wanaokula.)

Sasa tumtazame jirani yako. Simjui, na sitaki kumsema vibaya wala kumpamba. Naijua biashara yake, maana nimeishi Muheza na nimeona machungwa yakioza chini ya miti msimu ukichanganya. Zamani mwenye shamba asiye na usafiri alikuwa anauza barabarani, kwa wapita njia, kwa bei ya huruma, na yaliyobaki yanaliwa na nzi. Mtu aliyekuja na gari, akayapakia, akayafikisha Horohoro, mpakani na Kenya, na kuvuka nayo mpaka Mombasa au Nairobi, ameleta kitu jikoni. Chungwa lililokuwa takataka limekuwa fedha, na sehemu ya fedha hiyo imebaki kwa mkulima, kwa wachumaji, kwa wapakiaji, kwa mama anayewapikia. Hakumnyang'anya baba yako kwa kufanya hivyo. Aliyebaki na baiskeli anaweza kubaki nyuma bila kuibiwa na mtu.

Lakini ngoja nikuonyeshe sehemu ya pili. Mkulima ana mtoto amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, au ana mgonjwa amelazwa hospitali ya Bombo. Machungwa bado mabichi, miezi mitatu kabla ya kuchumwa. Anakuja mnunuzi, anazunguka shamba, anahesabu miti, anataja bei ya shamba zima likiwa bado mtini. Bei hiyo ni nusu ya ile ya msimu, mara nyingine haifiki nusu. Mkulima anapokea. Je, amedhulumiwa?

Wanafunzi wangu walikuwa wanagawanyika hapa hapa, na nilikuwa napenda wagombane kidogo kabla ya kuwatuliza. Wa upande mmoja wanasema mnunuzi amebeba hatari: upepo unaweza kuyaangusha, ugonjwa unaweza kuingia, bei ya Nairobi inaweza kuporomoka, na fedha ameitoa leo. Ni kweli, na hatari ina bei yake. Wa upande wa pili wanasema amemkamata mwenzake kooni. Na hilo linaweza kuwa kweli. Mimi nilikuwa nawauliza: siku ile walikuja wanunuzi wangapi? Wakija watano wasiojuana, wataoneana wivu na bei itapanda mpaka ikaribie thamani ya mzigo ukitoa hatari. Akija mmoja tu, au wakija watano waliokwisha kukubaliana bei wakinywa kahawa, mkulima hana pa kukataa. Fedha inayopatikana hapo haikutoka kwenye gari wala kwenye hatari. Imetoka kwenye shida ya mgonjwa wa Bombo.

Nafasi ya kukataa: hicho ndicho kipimo changu, na ndicho ninachokipima kabla ya kingine chochote. Ukitaka kujua kama utajiri fulani umemfanya mtu maskini, tafuta kama yule mtu angeweza kusema hapana na bado akalala ameshiba.

Kwa kipimo hicho, hebu turudi kwa mkonge, kwa kuwa Tanga haielezeki bila mkonge na mimi siwezi kujieleza bila huo.

Mmea ule haukuwa wa kwetu. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai mwaka 1893 ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche 62 tukafika mahali ambapo mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, tukiwa wa kwanza duniani. Reli, bandari, nyumba za Raskazone, maduka ya barabara kubwa za mjini, vyote vina mkonge ndani yake. Huwezi kusema singa zile ziliibwa kwenye sinia la mtu. Hazikuwepo, zikawepo. Kwa upande huo wenye mashamba walileta kitu jikoni, kikubwa sana.

Shida ilikuwa nani ayakate majani. Mkonge una miiba kwenye ncha, maji yake yanawasha ngozi, na jua la kule shambani halina kivuli. Watu waliokuwa na mashamba yao wenyewe hawakuikimbilia kazi hiyo, na walikuwa na haki. Basi wakanyimwa nafasi ya kukataa. Wajerumani walianzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, rupia tatu, na rupia hazioti shambani kwa mtu anayelima mahindi ya kula. Kule Lushoto, enzi hizo ikiitwa Wilhelmstal, kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwisha kupangwa. Waingereza walipokuja kodi iliendelea kwa sura nyingine. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, ikawa inaleta watu kwa malori na treni kutoka Kigoma, Songea, Njombe, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kila mtu alipewa namba. Ndiyo asili ya neno manamba.

Baba alikuwa akitusimulia habari za kipande. Ni kadi yenye siku 30 za kazi. Ujira ulikuwa unahesabiwa kipande kikijaa. Kazi ya siku ilikuwa idadi ya mafungu ya majani. Ukikata, ukafunga, nyapara akaja akasema mafungu ni membamba, siku ile haiandikwi. Umefanya kazi, umechomwa na miiba, siku haipo. Alikuwa anasimulia kwa sauti ya chini bila hasira, na mimi ndiye niliyekuwa nashikwa na hasira kwa niaba yake. Bado ninayo.

Wenye mashamba walikuwa na hoja yao, na bado unaisikia leo midomoni mwa watu wengine: hawa walikuwa maskini kwao, sisi tumewapa kazi. Ndiyo, walikuwa maskini kwao. Ila umaskini ule ulikuwa unatunzwa. Baadhi ya wilaya za magharibi na kusini serikali ya kikoloni ilizihesabu kuwa ghala la vibarua, wala haikuwa na haraka ya kupeleka huko zao la biashara ambalo lingemwezesha mtu kulipa kodi akiwa nyumbani kwake na watoto wake. Umaskini wa Kasulu ulikuwa malighafi ya kiwanda cha mkonge, sawa na majani yenyewe. Kwa hapo, mwanangu, jibu la swali lako ni ndiyo, na silipunguzi hata neno.

Uthibitisho ulikuja wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1950. Vyama vya wafanyakazi viliingia mashambani, migomo ikafuatana, ujira ukapanda. Wenye mashamba wakapunguza idadi ya vibarua, lakini uzalishaji uliendelea kupanda mpaka kilele cha 1964. Maana yake fedha ya kuwalipa watu vizuri zaidi ilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuidai akiwa na nguvu ya kukataa kazi.

Sehemu inayofuata huwa hawapendi kuisikia wale wanaokubaliana nami mpaka hapa. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya nusu ya mashamba ya mkonge yakawa ya taifa. Nilikuwa mvulana. Kambini palikuwa na ngoma. Watu waliimba kwamba mrija umekatwa, kupe wamekwenda zao. Baba alinunua kilo mbili za nyama. Tuliamini kesho yake tutaanza kuwa na hali nzuri.

Bei ya mkonge ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya Azimio, kwa sababu kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni, na hilo si kosa la Mwalimu Nyerere wala la mtu yeyote wa Tanga. Lakini mashamba yaliyotaifishwa yalihitaji watu wanaojua kuyaendesha, vipuri vya korona (mashine za kutoa singa kwenye majani), miche mipya kila mwaka ili mkonge uliozeeka ubadilishwe, na hayo yakakosekana. Korona zikanyamaza moja baada ya nyingine. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa tani 20,000 hivi. Aliyeumia ni nani? Bwana shamba alikuwa amekwishaondoka na akiba yake. Aliyeumia ni baba yangu na wenzake, waliobaki kambini pasipo na kazi, wazee, mbali na kwao, watoto wao hatuijui hata njia ya kurudi Kasulu. Kama umaskini wetu ungekuwa umesababishwa na wao tu, kuondoka kwao kungetosha kuumaliza.

Yaliyotokea 1983 yanafanana na hayo. Nilikuwa mwalimu kijana, na sabuni, sukari, mafuta, hata kibiriti, vilikuwa vya foleni. Serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaendesha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Walanguzi walikuwepo kweli, tena wakatili; nilipata kununua sabuni ya mche mmoja kwa bei inayonitia uchungu nikiikumbuka. Sokoine alikuwa mtu safi na alikuwa na uchungu na wanyonge, hilo halina ubishi. Lakini bidhaa zilizokamatwa hazikutosha kuondoa uhaba, wengine walitupa mali baharini kwa hofu, na maduka yakawa matupu zaidi. Mlanguzi alikuwa anakula kwenye uhaba; uhaba wenyewe ulikuwa viwanda visivyozalisha na nchi isiyo na fedha za kigeni. Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe walizokuwa nazo nje, sabuni ilionekana madukani, na bei ya mlanguzi ikafa yenyewe.

Basi usije ukaondoka hapa ukidhani nimehamia upande wa matajiri. Bado kuna utajiri ambao ni mkono uliopita upande wa pili wa sinia, tena hapahapa Tanga, na siyo wa kikoloni.

Waulize wavuvi wa Tongoni, Kigombe na Mwarongo juu ya mabomu. Kwa miaka mingi bahari yetu ilipigwa baruti. Mtu mwenye fedha anatafuta baruti iliyotoroshwa kwenye machimbo, anawapa vijana boti na mashine, wanalipua, samaki wanaelea, wanaokota wanaoweza kuokotwa, wengine wanazama na kuoza. Kwa dakika chache ameingiza fedha ambayo mvuvi wa mshipi haioni kwa mwezi. Na tumbawe lililovunjika, nyumba ya samaki, huchukua miongo kurudi, pengine lisirudi kabisa. Hapa hakuna kilichoongezwa jikoni. Mtu mmoja amejenga nyumba kwa samaki ambao wajukuu wa wavuvi wengine hawatawavua. Nashukuru kwamba miaka ya karibuni milipuko imepungua sana, baada ya vyombo vya serikali kushirikiana na vikundi vya wavuvi vya kulinda fukwe. Lakini nyumba zilizojengwa kwa baruti bado zimesimama, na dema, mitego ya samaki ya watu, bado zinatoka tupu.

Bahari ni sinia halisi. Vilevile ufukwe, chanzo cha maji, bajeti ya halmashauri, zabuni. Vitu hivi havikui kwa sababu mmoja ni mjanja. Akichukua zaidi, wengine wanapungukiwa shilingi kwa shilingi. Mzee wa barazani anayesema hakuna tajiri bila jasho la maskini, akimsema aliyepata zabuni ya barabara kwa mlango wa nyuma na kumwaga lami inayobebwa na mvua ya kwanza, mimi niko naye. Barabara ile ingekuwa ya kwako wewe na pikipiki yako.

Halafu kuna mikopo ya kausha damu, ambayo naamini imeleta ufukara katika nyumba nyingi za Ngamiani na Makorora kuliko Fuso zote za machungwa. Mama anakopa 200,000 kwa ajili ya biashara ya vitumbua, anatakiwa kurudisha 260,000 ndani ya siku 30. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, wakati Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Vitumbua haviwezi kuzaa asilimia 30 kila mwezi, hata avipike vitamu namna gani. Mwezi wa pili anakopa kwingine ili alipe kwa kwanza. Mwezi wa nne wanabeba friji, televisheni na godoro. Mkopeshaji ametajirika, na ukimfuatilia mpaka mwanzo hutaona mchele wowote aliouleta jikoni.

Na hapa namjibu yule wa chuma ulete, kwa heshima, kwa sababu simuoni mjinga. Anachokisema ni kwamba fedha inatoka kwenye droo yangu bila kuiona na inaingia kwenye droo ya mwingine. Anaeleza jambo linalomtokea kweli. Mama wa vitumbua anauza kutwa nzima, jioni anahesabu, fedha haipo. Ukikaa naye na daftari kwa wiki mbili, kama nilivyopata kukaa na dada yangu, unaiona ilikopita: rejesho la kila siku, ushuru, unga wa nyumbani uliochotwa kwenye unga wa biashara, mchango wa msiba, nauli ya mtoto. Dada yangu alilia tulipomaliza kuhesabu. Alikuwa ameacha kusalimiana na jirani yake kwa mwaka mzima.

Kuhusu riziki sina ugomvi na mzee wa pili. Ila anayesema riziki ni ya Mungu asiitumie kauli hiyo kumnyamazisha anayeuliza habari za zabuni.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza lakini linakuhusu. Hata mali iliyopatikana kwa njia nzuri inaweza kuharibika ikishakuwa nyingi, pale mwenyewe anapoanza kuinunulia ulinzi dhidi ya wanaomfuata. Jirani yako akitumia faida kununua Fuso ya nne, heri. Akiitumia kuwashawishi wakubwa ili mtu mwingine asipewe kibali cha kubeba machungwa, amefunga mlango wa jiko alimoingilia yeye mwenyewe akiwa na baiskeli. Nawaogopa matajiri wa namna hiyo kuliko walanguzi. Mlanguzi humla mtu wa leo, huyu humla mtoto ambaye hajaanza biashara. Ndiyo maana napenda kuona wanunuzi wengi Muheza, vipimo vinavyokaguliwa badala ya lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo), na fedha ile ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyotengwa kwa sheria kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ikimfikia kijana asiyejuana na mtu.

Na baba yako? Umeniuliza juu ya jirani, lakini nahisi unayemuuliza hasa ni yeye: kwa nini hakufika. Nimewaona wengi walioanza siku moja na wakaachana njiani. Mara nyingi ni jambo dogo. Mmoja aliugua malaria wiki tatu msimu ukiwa umechanganya, mtaji ukaliwa kwa dawa na chakula, aliporudi akawa kibarua wa mwenzake. Mtu mwenye akiba ya miezi miwili anasimama tena baada ya ugonjwa. Asiye nayo anaanza upya kila mwaka. Usimlaumu marehemu, wala usimtafutie mwizi ambaye huenda hakuwepo.

Nimalizie na pikipiki yako, maana umeitaja kwa maneno mawili tu na ndiko swali lako linakoishi. Hukuniandikia masharti, kwa hiyo naweka mfano, wewe weka namba zako. Tuseme pikipiki imenunuliwa kwa 2,800,000. Unapeleka hesabu ya 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi 14, kisha inakuwa yako. Hizo ni kama siku 364 za kazi, jumla 3,640,000. Mwenye pikipiki amepata 840,000 juu ya fedha yake. Kwa kuwa unamlipa kidogo kidogo, fedha yake iliyokuwa mikononi mwako kwa wastani ni nusu, yaani 1,400,000. Kwa hiyo amevuna asilimia 60 kwa miezi 14, kama asilimia 51 kwa mwaka. Mikopo ya benki imekuwa karibu na asilimia 15 au 16. Ni ghali. Lakini benki haikupi pikipiki bila dhamana, na yeye amebeba hatari ya wizi na ajali. Bila yeye ungekuwa huna kazi hiyo. Siwezi kumwita mnyonyaji kwa hesabu hii tu, na wewe ukilipa mpaka mwisho unatoka na mali mkononi.

Ila soma kifungu kimoja katika mkataba wako, na kama mlikubaliana kwa mdomo kamuulize leo. Ukivunjika mguu mwezi wa 12, ukashindwa kupeleka hesabu wiki tatu, anaichukua pikipiki na zile karibu 3,000,000 ulizokwisha kulipa zinapotea? Mikataba mingi ya mjini iko hivyo. Hapo ndipo mwenye mali anapata pikipiki na fedha, na dereva anabaki na mguu. Muombe aandike kwamba ukiugua unapewa siku za kusimama, au pikipiki ikiuzwa unarudishiwa sehemu yako. Nendeni wawili watatu mnaoendesha pikipiki zake, msiende mmoja mmoja. Mkikubaliana naye, andikeni kwenye karatasi, kila mmoja aweke sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na nakala moja ibaki kwako, nyumbani, mahali pasipoingia maji.